Miezi mitano ya kujifunza Kiingereza kwa habari za uchumi: uzoefu wangu

Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Kiingereza changu ni cha sekondari. Invoisi nasoma bila shida, lakini mnunuzi wa mashudu (yale makapi ya alizeti yanayobaki baada ya kukamua) kutoka nje akipiga simu, nilikuwa namkabidhi meneja. Miezi mitano iliyopita nikajiunga na kozi ya WhatsApp inayofundisha maneno ya Kiingereza kwa kutumia habari za uchumi wa nchi mbalimbali. Nalipa shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa wiki zinakuja habari tatu, kila moja na sauti ya mwalimu akiisoma na orodha ya maneno kumi, halafu Jumamosi mchana tunakutana kwenye chumba cha ghorofani karibu na Nyerere Square.

Kilichonifanya nibaki ni habari ya wiki ya pili. Ilikuwa ya zamani, ya Aprili 2022, Indonesia ilipopiga marufuku kuuza nje mafuta ya mawese. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepamba moto tangu Februari, na Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kuuza nje mafuta ya alizeti. Mwaka ule nilikuwa hapahapa stoo. Nakumbuka akina mama walivyokuwa wanakuja na madumu, wanauliza bei, wananyamaza kidogo, wanaondoka na madumu matupu. Basi nilipofika kwenye neno "shortage", yaani uhaba, sikuangalia hata tafsiri. "Lift the ban" nayo ikaingia mara moja, pale niliposoma kwamba tarehe 23 Mei Indonesia iliruhusu tena. Kabla ya hapo "lift" kwangu ilikuwa ile ya kwenye jengo refu tu. Nimewahi kununua vijitabu viwili vya misamiati na vyote vilinishinda, kwa sababu vinakupa neno, halafu utajua mwenyewe pa kulipeleka. Huku jambo lenyewe lilikwisha kunipata, lilikuwa linasubiri jina.

Mwalimu wetu naye anakijua Kiswahili na anakitumia. "Rise" na "raise" zimenisumbua tangu kidato cha pili. Alichukua taarifa za Benki Kuu yetu: Januari 2024 riba ya Benki Kuu ilianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo ikapandishwa hadi 6, Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Akaandika ubaoni "bei inapanda", chini yake "benki inapandisha riba". Kupanda ni "rise", kupandisha ni "raise". Kukopa na kukopesha vivyo hivyo, "borrow" na "lend". Dakika tano, na sijakosea tena. Akatuonyesha pia kwamba riba ikishuka "to 5.75", hapo ndipo ilipofika, lakini ikishuka "by 0.25", hicho ni kipande kilichopunguzwa. Kwa mtu anayeandika bei za mzigo kila siku, kuchanganya hivyo viwili ni hasara ya wazi.

Siku nyingine mama mmoja wa mgahawa aliuliza: "Mwalimu, hapa wanasema 'inflation falls', mbona mchele sokoni haujashuka?" Darasa zima likachangamka. Mwalimu akaeleza kwamba mfumuko ukishuka, bei bado zinapanda, ila kwa mwendo mdogo. Nimelisikia neno mfumuko wa bei redioni miaka yote, nikalielewa siku ile.

Sasa kasoro, maana zipo. Mwanzoni tafsiri za kwenye orodha zilikuwa za mashine, na hakuna aliyezipitia. Habari ya Sri Lanka iliposhindwa kulipa madeni yake mwaka 2022, mara ya kwanza katika historia yake, neno "default" lilitafsiriwa "chaguo-msingi", kama vile tunapanga simu. "Interest" ikawa "kupendezwa" badala ya riba. Mwanafunzi mgeni angemeza hayo hivyo hivyo, na hilo lilinikera sana. Tulilalamika, wakachukua wiki mbili kurekebisha. Siku hizi mwalimu anaandika tafsiri mwenyewe, ziko vizuri.

Sauti nazo zinakuja baada ya maandishi, wakati mwingine kesho yake. Wiki nzima niliitamka "debt", yaani deni, pamoja na ile b, ndipo nikasikia kwamba haitamkwi kabisa. Sauti itangulie, tafadhali. Na habari za masoko ya hisa ya New York zimezidi, sioni zinamsaidia nani darasani kwetu.

Mwezi uliopita mnunuzi wa mashudu alipiga simu meneja akiwa Singida. Nikapokea. Akasema "prices have eased" na mimi nikajua anachotaka, bei imelegea, anataka punguzo. Nikamjibu polepole kwamba "supply is still tight", mzigo bado ni mchache. Tukakubaliana asubiri hadi Ijumaa, na Ijumaa akanunua kwa bei yetu.

Kama huwezi kabisa kusoma sentensi ya Kiingereza, kozi hii itakuelemea. Kama unauza, unanunua au unatunza vitabu vya hesabu, jiunge. Mimi nimelipia tena, na nimeomba watuletee habari za India, maana ndiko yanakokwenda mashudu yetu.