Mashine safi, waranti ya stika: yaliyonikuta kwa wakala Dar

Naandika hii nikiwa bado na hasira kwahiyo mnivumilie. Mashine yenyewe, ya kuchezea gemu kwenye tv, naipenda, na jina la kampuni silitaji maana sitaki kesi na mtu, nnachoongelea hapa ni hao wanaojiita wakala wao hapa Dar, wenye kaunta ya vioo na AC kali na karatasi ukutani imeandikwa mteja ni mfalme.

Tatizo lilikuwa hivi: ukiwasha inawaka, feni unaisikia, padi inaunga, ila tv inakwambia hakuna signal. Nikabadilisha waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye tv, nikajaribu tv ya jirani, vilevile. Waranti ilikuwa bado inadai miezi kibao, nikasema hamna shida, si ndo kazi yake.

Nafika pale nakuta kijana, mdogo kabisa kwangu, shikamoo hamna, macho kwenye simu. Namweleza inavyofanya, katikati ananikata, "Mama, mwenye mashine yuko wapi?" Namwambia ni mimi. Akacheka, "Sawa mama, ila anayecheza ndo aje aelezee, hizi vitu zina mambo yake." Jamani!! Mimi ndo nacheza. Watoto wakishalala naingia online napiga mpira na mdogo wangu yuko Mwanza, na kunifunga ananifunga kwa msimu. Nimeshika padi tangu enzi zile za kaseti za kupuliza vumbi, huyu hajazaliwa, leo ananiambia zina mambo yake.

Na hapo mashine hajaiwasha. Alichofanya aliigeuza, akatafuta ile stika ndogo ya nyuma inayoziba skrubu, kona moja ilikuwa imenyanyuka kidogo (kwa joto hili gundi gani inashika?), akaanza kuikwangua na ukucha, ananionyesha, "Hii imefunguliwa." Nani kaifungua? Nikamwambia washa tochi ya simu angalia skrubu yenyewe, haina hata mkwaruzo. Akasema utaratibu wao ni stika. Skrubu hakuitazama kabisa, alitazama stika na akanitazama mimi juu mpaka chini, basi, vipimo vimeisha.

Hizo stika sasa, kwa taarifa yenu. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliandikia barua kampuni 6, Sony, Microsoft na Nintendo wakiwemo, kuwaonya kuhusu masharti ya aina hiyo, kwamba huwezi kumnyima mtu waranti kisa tu stika imebanduka au kaenda kutengeneza kwa fundi mwingine. Ni sheria ya kwao, najua, hapa Dar haifiki. Ila ndo inaniuma zaidi, yani kitu wanachoonywa nacho huko sisi huku tunakwanguliwa na ukucha mbele ya watu.

Nilipokataa kuondoka sababu zikaanza kupishana. Mara umeme wa Mbagala ndo umeipiga. Mara huu mzigo wa Dubai, waranti ya huko huku haifanyi kazi. Nikamuuliza kama ni ya Dubai muhuri wenu kwenye kadi yangu umefikaje, umepanda ndege? Hapo akaenda kumwita bosi.

Bosi ni mdada mstaarabu, lazima niseme ukweli. Alinisalimia vizuri, akaniita dada, akanipa maji, akajaza fomu mwenyewe akasema wacheni wataalamu waipime. Nikatoka pale moyo umepoa kabisa, nilikuwa nishapanga kuwapa nyota tatu, hata nne.

Basi zikapita wiki. Napiga simu, fundi kasafiri. Napiga tena, spea zinasubiriwa. Siku nimeenda kuichukua wakaniletea boksi langu kutoka stoo, na ile selotepu niliyoizungushia mwenyewe nyumbani iko vilevile, haijaguswa, mpaka unywele wangu ulionasa kwenye gundi bado upo. Spea ya kitu gani sasa, kama boksi halijafunguliwa?

Nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja yuko juu ghorofani, kimeza chake na hadubini basi. Hakuniuliza nani anacheza. Akafungua, akaniita niangalie mwenyewe, tundu la HDMI zima, ila pembeni yake kuna aisii ndogo, kale kadude keusi ka kwenye bodi, imeungua, mgongoni ina kitobo kama cha sindano. Akapuliza hewa ya moto, akaitoa, akaweka nyingine, jioni nacheza. Akaniambia hiyo mara nyingi ni umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu.

Kwahiyo yule kijana kwenye umeme huenda alipatia. Inaniuma kuandika hivi. Ila kupatia kwa kubahatisha sio kupima, na angesema tumefungua tumekuta umeme umeunguza, hii haimo kwenye waranti, bei ni hii, ningelipa palepale bila neno.

Wanaosema ndo kampuni kubwa zilivyo, mbona wakibanwa wanaweza? Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, ilipokuwa inakufa kwa taa tatu nyekundu, mwaka 2007 Microsoft waliongeza waranti ya ugonjwa huo mpaka miaka 3, wakatenga zaidi ya dola bilioni 1, na waliokuwa wameshalipia matengenezo wakarudishiwa hela zao. Mimi hela ya fundi wa Kariakoo sijui nimdai nani.

Mashine nyota tano, inastahili. Huduma nilitaka kushusha mpaka mbili kwa ajili ya yule dada, ila nikikumbuka ile selotepu, hapana, moja, na hiyo moja ni kwa vile sifuri haiwekeki.

Alafu juzi, mashine niko nayo ndani, natumiwa meseji WhatsApp, "Ndugu mteja, kifaa chako kimetengenezwa na kiko tayari, karibu ukichukue." Nikapiga picha tv yangu gemu ikiwa inaendelea, nikawatumia. Tiki za bluu zilishatokea, jibu hamna mpaka sasa hivi.