Jezi ya hoki kwenye mitumba ya soko la Virunga, Goma: nyota nne kati ya tano

Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayeteremka kutoka Munigi alfajiri anajua baridi inavyoingia shingoni. Kwa baridi hiyo sijaona nguo inayoishinda jezi ya hoki ya barafuni, na ya kwangu nimeipata kwa mama mmoja wa mitumba katika soko la Virunga. Akifungua balo hachanganyi: jezi nzito anazitundika juu, fulana nyepesi anazimwaga kwenye turubai.

Alianzia dola 10, tukamalizia 6. "Papa, shika kwanza kitambaa, bei tutaongea nyuma." Na kweli kitambaa ni kizito, namba imeshonwa kwa uzi, mabega ni mapana kwa sababu mchezaji huvaa kinga ndani. Koti langu linaingia bila kubana. Kagueni pia mgongoni kwa ndani: kuna mkanda unaofungwa kwenye suruali, ili wachezaji wakipigana mtu asivutwe jezi ikamfunika kichwa. Jezi nyingi za mashabiki hazina mkanda huo.

Kifuani kuna fahali na jina Belleville Bulls. Abiria waliniuliza sana hiyo ni timu gani, nikaitafuta historia yake, na leo naisimulia kama timu ya kwetu. Ilikuwa timu ya vijana, wengi wa miaka 16 hadi 20, katika mji wa Belleville, jimbo la Ontario, Kanada. Iliingia ligi kubwa ya vijana ya jimbo hilo mwaka 1981, ikachukua ubingwa 1999. Barafu ya uwanja wake ilikuwa na upana wa mita 30 hivi, wakati viwanja vingi vya kule vina 26, kwa hiyo kijana mwenye mbio alipata pa kupita. Hapo ndipo alipokomaa P.K. Subban, beki mweusi, mtoto wa wazazi waliotoka visiwa vya Karibea. Alicheza Belleville tangu 2005 hadi 2009, na mwaka 2013, akiwa timu ya Montréal, akapewa tuzo ya Norris ya beki bora wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani.

Mwaka 2015 timu iliuzwa, ikahamishiwa Hamilton, jina likabadilishwa. Inaniuma. Mji si mkubwa, ulilea vijana wa watu kwa misimu 34, kisha mauzo yakawachukulia timu. Mwaka 2017 walipata Belleville Senators, lakini hiyo ni ya wachezaji wa kulipwa. Ile ya vijana haikurudi.

Nyota moja naipunguza kwa sababu hakuna pa kujaribia nguo, na noti ya dola yenye mpasuko mdogo tu mama haipokei. Nendeni asubuhi, balo likiwa jipya. Jezi nyingine ya Bulls ikitoka, ameahidi kuniwekea. Za timu nyingine chukueni.