Fundi wa Masikio: Taimingi ya Corolla Yangu Pale Grogan

Nianze na sifa, nisije nikaambiwa nina kinyongo. Siku nilipolichukua gari Grogan, kule kwenye gereji za Nairobi, lilikuwa linawaka vizuri kuliko wakati wowote tangu baba anikabidhi. Ungeweka kikombe cha chai juu ya injini kisimwagike. Nikamlipa fundi shilingi 2,500 bila kuomba apunguze, nikamwongezea ya soda. Hiyo soda ndiyo inaniuma mpaka leo.

Ni Corolla KE70, injini ya 4K, distribyuta ya pointi: kifaa kinachogawa cheche kwenye silinda, na pointi ni vyuma viwili vidogo ndani yake ambavyo vikiachana, cheche inaruka. Nililipeleka kwa sababu lilikuwa zito na linakunywa petroli kama lori. Fundi akafungua boneti, akainamisha kichwa, akatamka: taimingi, yaani ule wakati cheche inapowaka. Nikamuuliza kama ana ile taa ya kumulika alama kwenye puli. Akamgeukia kijana wake: "Madam anataka taa mchana." Wakacheka wote wawili. "Madam, hii kazi ni ya masikio. Wewe endesha tu."

Sikio silidharau. Baba mwenyewe aliweka kwa sikio: unalegeza nati, unazungusha distribyuta kidogo kidogo injini ikiwaka, unasikiliza mpaka itulie. Kilichonishinda ni kilichofuata. Nati ikishakazwa, ndipo bwana huyu akafungua kifuniko, akatoa rota, akapitisha msasa kwenye pointi na kupima pengo kwa kipande cha pakiti ya sigara. Pakiti ya sigara! Akakikunja mara mbili, akapachika, akaridhika, akafunga. Taimingi hakuigusa tena.

Jamani, pengo la pointi likipanuka, pointi zinafunguka mapema na cheche inawahi. Ndiyo maana pointi huwa kwanza, taimingi baadaye. Hilo nililijua nikiwa bado nashikia baba tochi. Na nilikuwa nimesimama pale pale nikaona, nikanyamaza, kwa sababu nilishachekwa mara moja.

Siku chache baadaye tukateremkia Mai Mahiu, kule chini kwenye Bonde la Ufa, kumchukua shangazi. Kushuka hakukuwa na neno. Kurudi, tumelipita tu lile kanisa dogo walilojenga wafungwa wa Kiitaliano mwaka 1942, gia ya tatu, watu wanne na gunia la viazi kwenye buti, injini ikaanza kugonga. Kokoto ndani ya kopo la Kimbo, ndio mlio wenyewe. Nikiachia mafuta unakufa, nikikanyaga unarudi. Cheche imewahi mno, mlipuko unamkuta pistoni bado anapanda. Sindano ya joto nayo ikaanza safari yake. Nikaegesha ukingoni, malori yakitupita kwa honi, shangazi akitaja watakatifu mmoja mmoja. Limuru tulifika usiku, kwa gia ya pili.

Nikarudi Grogan. Unajua aliniuliza nini? "Madam, ulijaza petroli ya wapi?" Petroli! Halafu: "Ama ulikanyaga sana mlimani." Yaani kosa ni mlima, kosa ni kituo cha mafuta, kosa ni mguu wangu.

Nikaazima taa kwa jirani. Nikachomoa kwenye distribyuta mpira wa vakyumu, ule unaoleta mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, nikauziba kwa bolti, nikamulika. Digrii 20 na ushee kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwaka polepole, hata vile vizito ndani ya distribyuta, vinavyowahisha cheche mwendo ukipanda, havijaanza kutanuka viongeze digrii zao. Injini nyingi za rika hili huwekwa kati ya 5 na 10. Pengo la pointi nalo lilikuwa milimita 0.6 badala ya 0.45. Hesabu ya sikio, jumlisha hesabu ya sigara.

Ila kuna jambo limenivuruga hasira. Nilipomaliza niliurudisha ule mpira kwenye distribyuta, nikachomoa ncha ya upande wa kabureta, nikainyonya kwa mdomo. Mwisho wake kuna kiwambo, utando unaovutwa na hewa hiyo ili kuwahisha cheche; kikiwa kizima, ulimi unanasa. Mimi nikanyonya hewa tupu yenye ladha ya vumbi. Kimepasuka, na huenda kwa miaka. Kumbe ndicho kilichofanya gari liwe zito tangu mwanzo, na sikio la fundi lilisikia kweli: cheche ilikuwa inachelewa, naye akaiongeza kwa mkono. Kwa hilo namvulia kofia. Nusu kofia, basi. Maana kunyonya mpira ni sekunde tano, hakuhitaji taa wala mchana wala usiku. Hata mimi sikuwa nimenyonya, kweli, lakini mimi sikuchukua 2,500 ya mtu.

Nikazunguka Kirinyaga Road nikitafuta kiwambo. Duka la kwanza wakacheka, la pili wakaniambia ninunue distribyuta nzima, la tatu wakanielekeza kwa fundi mmoja mwenye mitumba ya Corolla. Mnajua ni nani.

Akatoa kimoja kwenye debe la vyuma, akakipangusa kwa suruali, akatia mpira mdomoni, akanyonya. Ulimi ukanasa. Akanionyesha, macho yameng'aa kama mtoto: "Madam, hii ni nzima."

Kumbe anajua! Muda wote ule anajua kunyonya!

Akauliza kama nimwachie gari akifunge. Nikamwambia nitakifunga mwenyewe. Akamtazama kijana wake, wakacheka tena.