Tulivyoonja waini juu ya Mto Nile, Jinja

Dada yangu mkubwa analima zabibu Mpunguzi, Dodoma. Alipokuja Kampala kututembelea, nilijua kumzungusha kwenye maduka makubwa ni kumchosha bure. Mume wangu ni Msoga, kwao Bugembe, hapo hapo nje ya Jinja, na ndiye aliyeona tangazo: boti ya jioni kwenye chanzo cha Nile, muda wa saa mbili majini, na waini nne za kuonja. "Tumpeleke shemeji akakague kazi za wenzake," akasema. Tukawa wanne: sisi wawili, dada, na jirani yetu Bi Zuhura wa Mombasa, ambaye hanywi pombe ila safari haimpiti.

Naanza na hela, maana ndiko nilikoudhika. Tulilipa laki moja na nusu ya Uganda kwa kichwa, na hiyo ni bei ya wakazi wa Afrika Mashariki. Wageni wa mbali wanatozwa kwa dola, tena zaidi. Beba kitambulisho. Dada alitoa cha taifa cha Tanzania, wakakikubali bila maneno mengi. Nusu tulituma kwa simu, nusu tukamalizia gatini. Kwenye simu niliuliza kabisa kama asiyekunywa anapunguziwa, nikajibiwa, "Tutamwangalia mama akifika." Mama alifika, hakuangaliwa. Alilipa sawa na sisi akapewa juisi ya pasheni. Nitalirudia hili.

Jingine ni saa. Ujumbe wao uliandikwa "4.30" basi, na dada akaelewa saa nne na nusu asubuhi, alfajiri nikamkuta ameshaoga, mkoba begani. Mume wangu akacheka. Wasoga na Waganda nao huhesabu saa kama sisi, boti ni saa kumi na nusu, ila wakishika kalamu wanaandika Kizungu. Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, lakini usiwaamini kilomita. Tulitoka saa tano, tukasota Mukono, tukasimama Najjembe katikati ya msitu wa Mabira kununua kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, tukaingia Jinja saa tisa kasoro. Unaingilia daraja jipya lile la nyaya, lililofunguliwa 2018, mita 525, na hapo ndipo dada alipouona Nile kwa mara ya kwanza. Alinyamaza mpaka tukamaliza daraja, kisha akauliza, "Mbona ni wa kijani?" Gari tuliliacha Bugembe kwa wakwe, tukaenda mtoni kwa bodaboda, kwa hiyo hakuna aliyekuwa wa kuendesha usiku. Nanyi fanyeni hivyo.

Boti yenyewe haina makuu: sakafu ya mbao, paa la turubai, viti vyenye mito, meza ndefu katikati, injini ya dizeli nyuma. Tulikuwa abiria kumi na sita. Jaketi okozi zilikuwepo za kutosha na nahodha alisimama mpaka kila mtu amefunga mikanda yake, hata bwana mmoja aliyekuwa akinung'unika kwamba litamharibia picha. Hapo niliwapa alama.

Mto sasa. Unatoka gatini, unapita bustani yenye sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948, kisha boti inapanda taratibu kuelekea mdomo wa ziwa. Nahodha ni mzee wa makamo, Kiswahili chake alikiokota visiwani kwa wavuvi wa Kijaluo. Tulipopanda alitusalimia Kiingereza. Aliposikia Bi Zuhura akimwita "mwanangu" akabadilisha ulimi hapo hapo, na safari ikawa nyingine. Alituonyesha mahali yalipokuwa maporomoko ya Ripon. Hayapo tena. Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyafikia tarehe 28 Julai 1862 akayapa jina la bwana mkubwa wa Uingereza, kana kwamba yalikuwa hayana mwenyewe, wakati Wasoga mto wanauita Kiyira toka enzi. Bwawa la umeme lilipofunguliwa mwaka 1954, maji yalipanda yakayafunika. Unachokiona leo ni mstari wa maji yanayokunjamana tu, kama shuka iliyolaliwa, na mawe chini yake. Jina Jinja lenyewe linatokana na hayo mawe.

Ndege ni wengi hata kwa asiyewajali. Mnandi wamejaza mti mmoja mpaka umekuwa mweupe kwa vinyesi, mdiria wanaganda hewani kisha wanatumbukia, na furukombe alikaa juu ya mti mkavu akatutazama kama askari wa lango. Kenge mmoja, mrefu kuliko mkono wangu, aliota jua kwenye jiwe wala hakusogea. Dada alimpenda kenge kuliko vyote.

Halafu waini, na hapa nitakaa kidogo.

Kijana wa kumimina alikuwa na adabu na shati safi, lakini alikuwa anasoma kwenye kadi. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Dada aliinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, akaangalia rangi, akaingiza pua, akaitoa, akaingiza tena. Chenin anaijua, iko hata Dodoma. Akanigeukia: "Mimi nanusa moshi." Kweli. Tulikuwa tumekaa nyuma, upepo unatoka mbele, na kila boti ikipunguza mwendo ule moshi wa dizeli unatuzunguka. Waini ilikuwa baridi vizuri, glasi zilikuwa za kioo, si vikombe vya plastiki, lakini ulimi peke yake ungefanya nini? Harufu ndiyo nusu ya kazi, na harufu ilikuwa imeibwa.

Kulikuwa na ndoo ndogo ya bati mezani. Mume wangu akauliza ni ya nini. Kijana akaeleza kwamba wanaoonja kitaalamu hutema humo. "Niteme laki na nusu?" Boti nzima ilicheka, na ndoo ikarudi chini ya meza.

Ya pili ya rangi ya waridi, tamu kama soda. Sina zaidi.

Ya tatu Pinotage, nyekundu, na hapo dada alikosa subira. Chupa ilikuwa imesimama juani juu ya meza tangu tulipong'oa nanga. Barafu walikuwa wameiwekea nyeupe peke yake, kwa ile imani kwamba nyekundu hunywewa "joto la chumba". Chumba kinachosemwa hapo ni cha Ulaya, jamani, si sitaha ya boti Jinja saa kumi na moja jioni! Nyekundu ikipata joto, kileo kinapanda puani na utamu wa tunda unajificha. Dada aliinuka, akachukua chupa, akaizamisha shingoni kwenye ndoo ya barafu, akamwambia kijana, "Mwanangu, ipe dakika kumi." Kijana aliganda na kadi yake mkononi kama ameporwa. Kwenye kadi hiyo alitusomea pia kwamba Pinotage ni zabibu ya Ufaransa. Wazazi wake ndio wenye asili ya huko, Pinot Noir na Cinsaut, lakini yenyewe ilizaliwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925 kwa mkono wa Profesa Perold. Cinsaut walikuwa wakiiita Hermitage, ndiyo mkia wa jina ukatokea hapo. Nilimweleza kwa upole, akaandika kwa kalamu pembeni ya kadi. Nilimpenda kwa hilo.

Tukafika chanzo chenyewe: kisiwa kidogo, kibao, na karibu yake maji yanayotokota kutoka chini kama sufuria ya uji. Mwongozaji alituambia ndiyo chemchemi ya Nile. Inapendeza kuiangalia, ila Nile hapa ni ziwa linalojimimina, na ziwa lenyewe hujazwa zaidi na mvua inayolinyeshea, kisha mito kama Kagera. Dada, kwa uzalendo wake, akataka ijulikane kwamba Kagera unapita Tanzania. Ikajulikana.

Nahodha alifunga kamba kwenye nguzo ya kisiwa. Injini ikabaki inanguruma. Nikamwendea: "Mzee, tukizima hii itakuwaje?" Akaangalia kamba, akaangalia maji. "Kamba inashika, mama. Dakika kumi na tano, si zaidi." Akazima.

Mnaokwenda, hili ndilo mnalopaswa kuliomba. Moshi ulitawanyika, na kilichobaki ni maji yakigonga ubavu wa boti na mnandi wakigombana nafasi juu ya mti. Dada akaomba tone la Chenin ileile ya kwanza. Mara hii alifumba macho. "Pera," akasema. Baadaye kidogo: "Na asali, kwa mbali." Nikanusa yangu, pera ile pale, lililoiva mpaka linakaribia kuoza, kama tulivyoyaokota utotoni. Chupa ileile, glasi ileile, robo saa baadaye. Pinotage nayo ikatoka barafuni imetulia, ina moshi wake yenyewe wa kuni, si ule wa dizeli. Dada alisoma mwaka kwenye karatasi ya chupa, akasema wenzake wa Cape wanavuna mara moja kwa mwaka na kutoa hii, sisi Dodoma tunavuna mara mbili na bado watu wanajua Dompo tu, ile waini yetu tamu. Sikujua kama anasifu au analalamika.

Ya nne haikuwa hata ya zabibu. Kijana aliitoa chini ya meza kwa aibu kidogo, akisema ni ya nyumbani: waini ya nanasi, na mananasi yametoka Kayunga, chini kidogo ya mto huu huu. Ilikuwa ya dhahabu, kavu kuliko nilivyotegemea, ina ukali wa nanasi kwenye pembe za ulimi na uchungu mdogo mwishoni. Pale, injini ikiwa kimya na kipande cha ngege wa kukaanga kilichokamuliwa limau, ilishinda tatu zilizotangulia. Mume wangu alitaka chupa ya kubeba, hawauzi. Kwa nini hawauzi, na kwa nini waione aibu na kuiweka mwisho, sijaelewa hadi leo. Ningekuwa mimi ndiyo ningefungulia.

Chakula kingine kilikuwa cha kawaida: sambusa nzuri, karanga, na vipande vya jibini vilivyotoka jasho.

Tuliporudi jua likawa linashuka upande wa Njeru, mto ukageuka shaba. Picha zote mnazoziona mitandaoni ni za dakika hizo na hazidanganyi. Ila giza lilipoanza, mfanyakazi akawasha taa ya sitahani, na ndani ya dakika mbili sami wakatuvamia, vijidudu vya ziwani, having'ati ila vinaingia kila penye tundu. Glasi yangu ilikuwa na waini ya nanasi ya kufungia safari, nilikuwa naitunza. Nilipotazama, saba au wanane walikuwa wanaogelea juu yake. Mume wangu alichota wake kwa kidole akaendelea kunywa, ndivyo walivyolelewa hawa wa ziwani. Bi Zuhura, mtu wa pwani aliyekulia kwenye chakula cha kufunikwa kawa, alikuwa ameshaweka kisahani juu ya juisi yake tangu gatini. Alikinyanyua taratibu, akanywa huku akitutazama.

Ningerudi? Ningerudi, tena nikiwa na wageni. Ningekaa mbele, si nyuma. Nyekundu ningeiombea barafu mapema, injini ningeomba izimwe pale chanzoni kabla ya tone la kwanza, na nikiona taa inataka kuwashwa ningesema ngoja kwanza. Mto na nahodha nawapa tano kwa tano, waini zenyewe tatu, ya nanasi peke yake tano. Kwa wasiokunywa, panda boti ya kawaida isiyo na waini, zipo pale pale gatini, unaona mto uleule kwa pesa ndogo.

Jumatatu yake niliwaandikia kuhusu punguzo la Bi Zuhura, kwa heshima, na picha ya juisi nikaambatisha. Walijibu siku hiyo hiyo kwa vidole gumba viwili. Hela bado.