Tahadhari Lubumbashi: bidoni za "sintetiki" zinazoahidi kupunguza esansi kwa asilimia 30

Wandugu mashofere, wenye taksi, na ninyi wenye motokari ya kupeleka watoto shule: kuna bidoni za lita 4 zinazotembezwa kwenye parkingi za taksi na kwenye maduka madogo ya piesi hapa mjini. Zimeandikwa kwamba ni mafuta ya moteri ya sintetiki 100%, 5W-30 (hiyo ni namba ya uzito wa mafuta; namba ndogo ni mafuta mepesi), na kwamba yanapunguza esansi, yaani petroli ya gari, kwa asilimia 30. Bei yake ni juu kidogo ya mafuta ya pipa, lakini chini sana ya sintetiki ya kweli. Usinunue. Ahadi hiyo haitimizwi na mafuta yoyote, hata yaliyo halali kabisa.

Tuanze na hesabu, maana inamkamata mwongo haraka kuliko rangi wala harufu. Sehemu kubwa ya nguvu ya esansi inapotea kama joto kupitia bomba la moshi na radiateri. Msuguano wa vyuma ndani ya moteri unakula kama sehemu ya kumi hivi, na mafuta yanafanya kazi hapo tu. Ili upate asilimia 30, ingebidi karibu msuguano wote utoweke: segma (pete za pistoni) zisiguse silinda, kusineti (beringi za moteri) zisishike, mnyororo uzunguke bure. Moteri ya namna hiyo haijatengenezwa.

Kinachopatikana kweli kinajulikana. Serikali ya Marekani, kwenye ushauri wake kwa wenye magari, inasema ukitumia uzito wa mafuta ulioandikwa kwenye kitabu cha gari badala ya mazito zaidi, unapata asilimia 1 hadi 2. Ulaya, mafuta ya daraja la A5/B5 la ACEA (chama cha watengenezaji magari wa huko), yaliyobuniwa makusudi kwa kuokoa esansi, yanatakiwa kuonyesha angalau asilimia 2.5 yakilinganishwa na 15W-40, tena kwenye moteri ya maabara. Ndiyo daraja la kujivunia hilo, na haliahidi hata asilimia 5. Kampuni za migodi za Kolwezi na Likasi zinahesabu mazutu (dizeli) kwa lita. Kama kungekuwa na mafuta ya asilimia 30, yasingefika kwenye parkingi ya taksi.

Tena kuna jambo ambalo hata wauzaji waaminifu hawalisemi vizuri. Esansi inapungua kwa sababu mafuta ni mepesi zaidi, wala si kwa sababu ni sintetiki. 5W-30 ya sintetiki na 5W-30 ya minerali zinakaribiana sana kwa matumizi ya esansi. Tofauti utaiona ukitoka 20W-50 kwenda 5W-30 kwenye moteri iliyotengenezwa kwa 5W-30, kama 1NZ-FE ya Toyota IST, Vitz na Probox. Sintetiki ina faida zake: inavumilia joto, inachelewa kuganda kuwa tope, haipotei haraka kwa mvuke, inafika juu ya moteri upesi asubuhi za baridi za Juni na Julai. Hizo ni sababu nzuri za kuinunua. Asilimia 30 haimo.

Sasa weka kwa lita. Chukua IST inayokula lita 10 kwa kilomita 100 mjini, vidanje (kubadilisha mafuta) kila kilomita 5,000. Katikati ya vidanje mbili unachoma lita 500. Asilimia 2 ya hapo ni lita 10. Kwa hiyo, ukihesabu esansi peke yake, sintetiki ya kweli inalipa tu kama bei yake inazidi ile ya kawaida kwa kiasi kisichopita bei ya lita 10 za esansi. Ukiweza kusogeza vidanje mpaka 10,000, kwa mafuta ya uhakika na filtri nzuri, ni lita 20. Muuzaji wa bidoni hizi anakuahidi lita 150 kwa kilomita 5,000 tu.

Atakwambia: "Papa, jaribu leo, utaona mwenyewe." Hapo ndipo wengi wanaanguka. Ukijaza tanki mara mbili, pampu ikikata mapema kidogo au gari likiwa limesimama kwenye mteremko, unaweza kukosea lita moja mpaka mbili. Kwenye lita 30, hiyo ni asilimia 3 mpaka 7, zaidi ya faida yote ya mafuta. Yaani jaribio la siku moja haliwezi kuona faida ya kweli hata kama ipo, ila linaona faida ya uongo vizuri sana. Wengine kabla ya jaribio wanakujazia pine upepo na kufuta kompyuta ya gari, halafu wanakutuma barabara ya Likasi iliyo wazi, wakati kipimo cha kwanza kilitoka kwenye msongamano wa mjini.

Anayetaka kupima sawasawa: pampu ile ile, gari sehemu ile ile, simama bunduki inapokata mara ya kwanza. Andika kilomita. Fanya matanki matatu kabla ya vidanje na matatu baada, upepo wa pine sawa, njia zile zile. Jumlisha lita zote, zidisha kwa 100, gawa kwa kilomita zote. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 3, usimsifu mtu wala kumlaumu.

Onyesho lingine ni la kimashine cha mezani: gurudumu la chuma linazunguka, mkono wenye kipande cha chuma unakandamizwa juu yake. Mafuta ya kawaida yanapiga kelele na chuma kinachimbika. "Sintetiki" ya muuzaji inateleza. Ndani ameweka kiongezeo chenye klorini, kinachofanya vizuri pale chuma kinapobonyezwa kwenye nukta moja. Kusineti za moteri hazifanyi kazi namna hiyo, zinaelea juu ya utando wa mafuta, na klorini baadaye inaleta kutu ndani. Hata shampoo ya nywele inaweza kushinda kwenye kimashine hicho. Miaka ya 1990 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki watengenezaji kadhaa wa viongezeo kwa ahadi za aina hii.

Ndani ya bidoni zenyewe kuna nini? Mara nyingi kimoja kati ya vitu vitatu. Mafuta ya pipa ya SAE 40 au 20W-50, yaliyotiwa rangi. Au mafuta hayo hayo yaliyochanganywa na petroli ya taa ili yatiririke kama mepesi. Haya ndiyo yanayomfanya shofere aseme moteri imekuwa nyepesi wiki ya kwanza. Au mafuta yaliyokwisha kutumika, yakasafishwa kwa asidi na udongo mpaka yakang'aa, bila viongezeo vyovyote vipya.

Kusugua kwenye vidole hakukuambii kitu, wala kuchoma kwenye karatasi. Fanya hivi. Tia nusu glasi kwenye chupa inayoona ndani, na pembeni chupa ya 5W-30 unayoiamini, uziweke kwenye friza usiku mzima, SNEL (kampuni ya umeme) ikikubali. Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, 5W-30 inatiririka mara ukiinamisha chupa. SAE 40 inajikokota kama asali. Lakini jaribio hili linamkamata mwenye mafuta mazito tu, halithibitishi sintetiki, na yule aliyetia petroli ya taa friza itamsifu. Kwa huyo chukua karatasi ya kuchuja kahawa, dondosha tone moja, iache imelala nusu siku. Mafuta mapya yanaacha duara la manjano lililo sawa. Kitone cheusi katikati ni masizi ya zamani. Pete pana nyembamba ya nje yenye harufu ni petroli ya taa au mazutu. Yale yaliyosafishwa kwa asidi yanaweza kupita yote mawili, na hapo nyumbani huna la kufanya. Itabaki maabara, au kutonunua kwa mtu usiyejua atakuwa wapi kesho.

Bidoni yenyewe inasema mengi kwa anayeisoma. Chini ya kifuniko mara nyingi kuna karatasi ya fedha iliyobandikwa kwa joto, na pete ya kifuniko iwe haijakatika wala kurudishwa kwa gundi. Namba ya uzalishaji mara nyingi inapigwa kwenye plastiki, si kwenye lebo tu. Ukiona imekwanguliwa, rudisha. Bidoni ya lita 4 za 5W-30 ina karibu kilo 3.4 za mafuta, ongeza plastiki; chini ya 3.4 kwenye mizani, umepunjwa. Tafuta duara la API, taasisi ya Marekani inayotoa madaraja ya mafuta. Daraja SP ni la mwaka 2020, SN la 2010. SF, ambayo bado inaonekana kwenye bidoni nyingi, ni ya magari ya 1988 kurudi nyuma: nani atengeneze sintetiki ya bei halafu aipe daraja hilo? Na ile alama ya nyota ya API inaruhusiwa kwa mafuta mepesi tu, kikomo chake ni 10W-30. 20W-50 yenye nyota ni ya uongo bila mjadala. Jina la kampuni unaweza kulitafuta kwenye orodha ya leseni iliyo wazi kwenye tovuti ya API. Neno sintetiki lenyewe lisikutishe. Marekani, tangu 1999, hata mafuta yanayotokana na petroli ghafi yakasafishwa kwa nguvu sana yanaruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo, na mengi ni mazuri. Soma uzito na daraja.

Kwa nini tunapiga kelele namna hii kwa bidoni moja? Kwa sababu hasara si bei yake. Mafuta yenye petroli ya taa yanakuwa mepesi mno moteri ikipata joto: taa ya presha ya mafuta inawaka kwa ralanti (moteri ikizunguka bila kukanyagwa), kisha inazima ukikanyaga, na shofere anadhani ni waya. Ni kusineti zinazosagika. Mafuta yasiyo na viongezeo yanaganda kuwa tope, tope linaziba kichujio cha pampu chini ya karteri (bakuli la mafuta), moteri inagripa (inakwama) barabarani. Kwenye moteri zenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa supapi) kuna kichujio kidogo kingine kinachoziba mapema zaidi. Tafadhali msichanganye: mafuta kuwa meusi haraka si dalili ya ubovu, mara nyingi ni sabuni yake inasafisha. Kwenye mazutu yanakuwa meusi siku ile ile. Dalili ni taa ya presha, kelele ya supapi juu, na jauji (kijiti cha kupimia mafuta) inayoshuka zaidi ya lita moja kwa kilomita 1,000.

Uliyekwisha kuyatia, usingoje kilomita 5,000. Mwaga moteri ikiwa moto, ufunguo wa 14 kwa IST, rondeli mpya ya bushoni (kizibo cha kumwagia mafuta), filtri mpya. Tia lita 3.4 za 5W-30 ya kweli, washa dakika moja, zima, ngoja, ongeza kwa jauji. Jumla na filtri ni kama 3.7. Endesha polepole kilomita 1,000 halafu mwaga tena. Fundi akitaka kuosha moteri kwa mazutu au petroli ya taa, mkatalie: daima kuna kiasi kinachobaki ndani, nacho kinakwenda kufanya kazi ile ile ya yule tapeli.

Na kama shida yako ni esansi kweli, anza kwingine. Sonda lambda (kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi) iliyokufa: Wamarekani hao hao wanasema kuitengeneza kunaweza kurudisha mpaka asilimia 40. Breki inayoshika. Pine zisizo na upepo. Na kalorstati, kile kifungo cha maji kinachoongoza joto la moteri, ambacho hapa kwetu magaraji yanakitoa na kukitupa ili "moteri isichemke". Bila hicho moteri haifiki joto lake, kompyuta inaongeza esansi, na mafuta yanabaki mazito safari nzima. Mtu katoa kalorstati halafu ananunua sintetiki ya kuokoa esansi! Filtri ya hewa chafu, kinyume na tunavyodhani, kwenye gari la injeksheni inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza esansi. Ibadilishe, ila usitarajie makubwa.

Mwisho, kuhusu bidoni tupu. Hao wajazaji wanazinunua kwenye magaraji, nzima, na vifuniko vyake. Ukifanya vidanje, fungua bidoni mwenyewe, simama mpaka tone la mwisho liingie, kisha itoboe chini kwa bisibisi mara mbili tatu na uchane lebo, mbele ya fundi. Waliokwisha kuuziwa, wekeni kando glasi moja ya mafuta kwenye chupa safi iliyokauka, bidoni na kifuniko chake, fakture kama mlipewa, na picha ya namba ya uzalishaji, mpeleke OCC (ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa), ofisi ya mkoa. Wakija watatu wana namba ile ile, muuzaji hawezi tena kusema ni moteri yako iliyochoka.