Bando la "bila kikomo" ukiwasha hotspoti linageuka: yaliyonikuta

Naandika nikiwa bado na hasira kwahiyo mnivumilie, ila najua kuna mtu saa hizi yuko njiani kwenda kuunga bando la mwezi atumie na kishikwambi chake, huyo asome kwanza ndo aende.

Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu jioni kwa video, fomu tuu na fomu foo. Kishikwambi changu ni cha wifi tu, hakina tundu la laini (sio vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu baadae, hiki nimenunua kwa hela yangu, nilitaka kioo kikubwa na kalamu yake ili niandike swali wanafunzi wanaona). Kwa hiyo intaneti lazima itoke kwenye simu, na simu niliyokuwa nayo ukiwasha hotspoti dakika kadhaa inapata moto mpaka unaogopa kuishika.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kununua simu nyingine. Sitawachosha na kamera sijui ngapi na memori sijui ngapi, hayo kaangalieni wenyewe. Shida yangu ilikuwa moja, hotspoti iwake na isizime katikati ya somo. Zile used zinazotoka Marekani zikiwa zimefungwa na mtandao wa huko nilizikwepa, mwalimu mwenzangu anayo moja, nzuri kweli, imefunguliwa na laini ya hapa inasoma vizuri tu, anapiga anapokea, ila akigusa hotspoti inamwambia awasiliane na kampuni yake aongezewe huduma. Kampuni yenyewe iko ng'ambo ya bahari, atampigia nani? Sasa mimi nikamwambia kijana wa duka weka laini yangu hapahapa, washa hotspoti, niunganishe kishikwambi tukiwa tumesimama kwenye kaunta yako, nifungue video icheze. Hakununa. Akafanya, akasubiri na mimi, halafu akaniambia madamu hii ukiwa unafundisha itoe kava, iweke dirishani kwenye netiweki, wewe kaa ndani na tableti, na kwenye hotspoti chagua wifi ya 2.4GHz sio ile ya 5GHz maana ya 5 ina mbio lakini ukuta unaishinda. Simu hiyo mpaka leo sina neno nayo. Huyo kijana ningekuwa na duka ningemuajiri.

Tatizo ni mtandao. Siutaji jina, watumiaji wake mnajijua.

Nilienda kwenye duka lao la huduma kwa wateja, sio kwa wakala wa mwamvuli wa barabarani, dukani kabisa kwenye viyoyozi. Nikauliza kwa mdomo wangu, hili bando la mwezi la bila kikomo naweza kuwasha hotspoti nikatumia kwenye kishikwambi? Nikajibiwa ndio mama, mwezi mzima, bila kikomo, tumia unavyotaka. Nikalipa. Na nikiri kwamba siku za mwanzo nilikuwa nawasifia kwa watu, somo la video linakula karibu jibii nzima kwa saa na sikuwa na wasiwasi hata kidogo, nilikuwa nafundisha mpaka napitiliza muda.

Jioni moja niko katikati ya milinganyo ya kipeo cha pili, nimeshaandika swali, nasubiri watoto wafanye, naona nyuso zao zimeganda. Kishikwambi kimeandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Nikazima nikawasha. Nikasahaulisha wifi nikaingiza nywila upya. Wapi. Naichukua simu nijue kama netiweki imekata, nafungua yutubu, inacheza bila kusita! Yaani intaneti ipo pale mkononi, kishikwambi kiko hatua mbili pembeni, hakipati kitu. Wanafunzi wakaanza kutuma kwenye wasapu, madamu umepotea, madamu tusubiri? Nikamalizia somo kwa simu, mkono mmoja nimeshika simu mwingine naandika kwenye daftari, picha inatikisika, mzazi mmoja akanipigia kuuliza kama hela ya mwezi huu itapunguzwa.

Kesho yake nikarudi dukani. Nikachukua namba, nikakaa, nikaitwa. Dada wa kaunta ana kucha ndefu anagonga gonga kwenye simu yake mwenyewe, hata shikamoo basi, hapana, hakuniangalia. Nikaeleza. Akaingiza namba yangu kwenye kompyuta, akasema "umetumia hotspoti mama." Nikamwambia ndio mdogo wangu, niliuliza hapahapa nikaambiwa ruksa. Akasema bando hili ni la simu. Nikamwambia na natumia kwenye simu, kishikwambi kinachukua kwa simu. Ndo akanyanyua macho kwa mara ya kwanza, akamgeukia mwenzake wa pembeni, akasema "kwani mama, kishikwambi ni simu?" wakacheka. Wawili. Mbele ya foleni nzima.

Jamani. Mimi nimesimama mbele ya darasa la watoto tisini wa serikali, sijawahi kuchekwa vile.

Kumbe habari ni hii: ndani ya hilo bando hotspoti ina mgao wake pembeni, jibii chache tu, zikiisha simu inaendelea lakini chochote kilichounganishwa kwenye simu kinakatwa. Nikamuuliza imeandikwa wapi, akanigeuzia kioo cha kompyuta, chini kabisa kwenye vigezo na masharti, herufi za sisimizi, kwa kiingereza. Nikamuuliza na meseji je, maana tangu 2021 TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, walishaagiza mteja atumiwe meseji bando likifika asilimia 75 na likiisha 100 (mnaukumbuka ule mwezi wa nne bando zilipobadilika ghafla watu wakapiga kelele mpaka serikali ikasitisha, ndo kipindi hichohicho). Akanijibu na uso mkavu, hiyo ni ya bando za jibii mama, hili lako halina kikomo ndo maana halitumi meseji.

Rudieni kusoma hapo. Halina kikomo kwa hiyo haliwezi kukuonya kwamba limefika kikomo. Ni sawa na mtu akuuzie ndoo ya maji halafu akuambie unywe wewe tu, mgeni usimpe.

Nikaomba hela yangu, hairudi. Nikaomba basi wanibadilishie kwa siku zilizobaki, haiwezekani. Nikaomba namba ya malalamiko, maana TCRA huwezi kwenda moja kwa moja, unaanza kwa mtoa huduma kwanza, akishindwa ndo unapeleka kwao pale Mawasiliano Towers, na ukienda unaulizwa ulilalamika lini na ushahidi uko wapi. Sistimu iko chini. Sistimu iliyonionyesha nimetumia hotspoti dakika tano zilizopita, sasa iko chini! Nikasimama palepale, nikasema sitoki. Watu nyuma wakaanza kuguna, wengine wananiunga mkono wengine wanataka zamu yao, mwisho akatoka kaka mmoja ofisi ya ndani, akaandika, akanipa namba kwenye karatasi. Karatasi ninayo.

Nilitaka kujua wanajuaje kama ni kishikwambi au ni simu. Nikapita tena Aggrey, fundi mmoja akanieleza kwamba kila kipande cha data kinachotoka kwenye simu au tableti kinaanza na namba, kwa Android ni 64, na kikipita kwenye kifaa kingine namba inapungua moja. Cha simu yenyewe kinafika mtandaoni na 64, cha kishikwambi kimepitia kwenye simu kwa hiyo kinatoka na 63, mitambo ikiona 63 inajua nyuma kuna mtu. Hiyo ni njia mojawapo, ziko na nyingine. Akasema anaweza kunichezea simu niwapige chenga, nikakataa, kwanza nilishalipa kihalali kwanini nijifiche kama mwizi, pili simu mpya warantii bado.

Sasa mtaniuliza, umehama? Hapa ndo ninapojichukia. Nilinunua laini ya mtandao mwingine, alama za vidole, namba ya NIDA, yote, bando zao hazina ubaguzi wa hotspoti na dada yao alinijibu kwa adabu mpaka nikataka kulia. Nikifika nyumbani Tabata netiweki yao inaishia mlangoni kwa jirani. Dirishani natafuta 4G kama natafuta mwezi wa Ramadhani. Wale wenye dharau wa mwanzo, minara yao nyumbani kwangu inashika mpaka chooni.

Kwa hiyo niko nao. Sio kwenye hilo bando la kitapeli, nimenunua la jibii za kuhesabu, na hilo kwa kweli hotspoti inafanya kazi bila shida na meseji ya 75 inakuja. Kishikwambi nimekibana, kwenye mipangilio ya wifi nimekiambia huu mtandao unapimwa, nimezima picha zisijipakie zenyewe na programu zisijisasishe, maana kikiona wifi kinadhani tuko ofisini. Gharama imepanda kuliko nilivyopanga lakini sijakatika tena katikati ya somo.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Kwa netiweki peke yake wanastahili nne, nisiwe muongo. Basi tuseme mbili. Hapana, nikikumbuka kile kicheko ni moja. Anayetaka bando kwa ajili ya hotspoti anunue la jibii, asinunue lolote lenye neno "bila", na akiuliza dukani awaambie wamwandikie jibu na wagonge muhuri. Malalamiko yangu bado hayajajibiwa, bando la bila kikomo limebakisha siku zake, naangalizia tamthilia kwenye simu usiku kucha hata nikiwa sina hamu, angalau na wao waingie hasara.