Vitabu vya Kununua Kabla ya Likizo ya Jangwani: Kipi Kitangulie na Kipi Kingoje

Mtu anayekwenda likizo ufukweni anaweza kufika bila kusoma chochote na bado akastarehe, kwa kuwa bahari hujieleza yenyewe. Jangwa halina ukarimu huo. Mgeni asiyejua anachokitazama huona mawe, mchanga na jua kali. Siku ya kwanza hupiga picha mia, siku ya pili picha kumi, na siku ya tatu huanza kuulizia intaneti. Ndiyo maana nahesabu vitabu kuwa sehemu ya maandalizi ya safari ya namna hii, sawa na viatu na chupa za maji, na naona fedha za kuvinunulia zinastahili kutumiwa kwa mpangilio. Katika mwongozo huu nimevipanga kwa aina, kuanzia ile nisiyoweza kuiacha hata kama mfuko ungeruhusu kitabu kimoja tu, hadi ile ambayo ningeazima tu. Kila aina nimeipima kwa swali moja: nikishakisoma kitabu hiki, nitaona nini kule ambacho nisingekiona?

Kabla ya kulipia chochote, jiridhishe kwamba kitabu kinahusu jangwa lile unalokwenda. Wataalamu wengi huita jangwa eneo linalopata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka, na kipimo hicho hukusanya pamoja nchi zisizofanana hata kidogo. Sahara ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 9, lakini matuta ya mchanga tunayoyaona kwenye kalenda hufunika kama robo yake tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni changarawe, miamba na milima. Gobi, jangwa la Asia, huanguka theluji. Atacama ya Amerika Kusini ina maeneo ambayo mvua ya kupimika hukosekana kwa miaka, na Namib ya kusini-magharibi mwa Afrika inapakana na bahari. Kitabu kinachoahidi kueleza majangwa yote ya dunia kwa kurasa mia mbili kitakupa picha nzuri na maarifa mepesi, nawe utafika ukijua habari za mimea inayoota bara jingine.

Nafasi ya kwanza naipa kitabu cha maumbile ya jangwa husika, yaani kinachoeleza miamba, upepo, mimea na wanyama wake. Najua wengi watashangaa, kwa sababu vitabu vya aina hii huwekwa rafu ya nyuma na majalada yake hayavutii. Lakini hakuna kingine kinachobadilisha macho ya msafiri kwa kiasi hicho. Chukua mfano wa Namib. Mgeni asiyesoma atapita asubuhi juu ya tuta la mchanga, aone mdudu mweusi ameinamisha kichwa na kuinua makalio, kisha aendelee na safari yake. Aliyesoma atasimama. Atajua kwamba mbawakawa yule anakunywa maji: ukungu unaotoka baharini, unaosababishwa na mkondo baridi wa Benguela, unageuka matone mgongoni mwake, na matone hayo yanateremka polepole hadi mdomoni. Atajua pia kwamba lile rundo la majani yaliyochanika kama nguo kuukuu ni mmea wa welwitschia, ambao huota majani mawili tu maisha yake yote, na kwamba baadhi ya mimea hiyo imeishi zaidi ya miaka 1000. Wasafiri wote wawili wamelipia gari lile lile, ila mmoja amerudi na safari nzima na mwenzake amerudi na vumbi.

Mchanga nao husomeka. Tuta lenye umbo la mwezi mwandamo, ambalo wanajiolojia huliita barkani, huelekeza ncha zake mbili kule upepo unakokwenda; upande unaopigwa na upepo una mteremko wa taratibu na mchanga ulioshikamana, ilhali upande wa pili huporomoka kwa pembe ya nyuzi 34 hivi. Anayelijua hilo hupanda tuta kwa upande ulio mgumu na kufika juu akiwa bado na pumzi, huku wenzake wakizama hadi magotini upande wa pili. Maarifa ya namna matuta yanavyojengeka yametokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford kati ya vita viwili vya dunia, kisha akachapisha mwaka 1941 kitabu chake The Physics of Blown Sand and Desert Dunes, ambacho wanasayansi wa sayari wamekirejea hata wanapochunguza matuta ya Mirihi. Sikushauri ukinunue kwa ajili ya likizo, maana kimejaa hesabu. Nakitaja kwa kuwa kinakupa njia ya kupima vitabu vingine: ukikuta kitabu cha maumbile ya jangwa ambacho sura yake ya mchanga haielezi jinsi punje zinavyorukaruka na kusukumana kwa upepo, mwandishi amepita juu juu.

Dukani, usianze na jalada wala dibaji. Fungua faharasa mwishoni mwa kitabu na utafute maneno matatu: maji, upepo, na jina la mmea mmoja wa eneo hilo unaoujua tayari. Fuata kurasa zilizotajwa. Kama maji yametajwa mara mbili tu katika kitabu kizima cha jangwa, kirudishe rafuni. Kama hakina faharasa kabisa, kirudishe upesi zaidi, kwa sababu kitabu cha namna hii hutumiwa kwa kutafutia jambo, si kwa kusomwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Angalia pia kama michoro ya mimea ina kipimo cha ukubwa. Mchoro wa kichaka usio na kipimo unaweza kuwa wa kitu cha urefu wa kidole au wa nyumba.

Nafasi ya pili ni ya vitabu kuhusu watu wa jangwa hilo, na hasa vilivyoandikwa na wenyeji wenyewe au na watu walioishi nao muda mrefu na kujifunza lugha yao. Kosa la wageni wengi ni kudhani jangwa ni tupu, wakati kwa karne nyingi limekuwa njia kuu ya biashara. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliivuka Sahara mwaka 1352 na kupita Taghaza, kijiji cha machimbo ya chumvi ambacho nyumba zake na msikiti wake vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Masimulizi yake yameshatafsiriwa kwa lugha nyingi, na sura zake za Sahara ni fupi, hivyo yeyote anayeelekea kaskazini au magharibi mwa Afrika atapata faida kubwa kwa jioni moja ya kusoma. Kwa vitabu vya siku hizi, tahadhari yangu ni moja: kuna waandishi wanaowaeleza Watuareg, Wabedui au Wasan kana kwamba ni sehemu ya mandhari, watu wasio na majina, wasio na ugomvi wala simu za mkononi. Soma kurasa kumi za katikati. Ikiwa hakuna mwenyeji hata mmoja aliyetajwa kwa jina na kunena neno lake, kitabu hicho kitakufundisha zaidi kuhusu mwandishi kuliko kuhusu wenyeji wako.

Masimulizi ya wasafiri yanashika nafasi ya tatu, ingawa kwa utamu wa kusoma yangeongoza. Mwingereza Wilfred Thesiger aliivuka Rub' al Khali, jangwa kubwa la Uarabuni, mara mbili katika miaka ya 1940 pamoja na Wabedui, kwa ngamia, na kitabu chake Arabian Sands cha mwaka 1959 kinaeleza kiu, njaa na heshima ya wenzake kwa namna ambayo mpaka leo haijapitwa kwa urahisi. Rubani Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry naye aliandika, katika Terre des hommes ya mwaka 1939, jinsi ndege yake ilivyoanguka jangwani mwishoni mwa mwaka 1935, na jinsi yeye na fundi wake walivyokaribia kufa kwa kiu kabla ya kuokolewa na Mbedui. Kurasa hizo zitakufanya uongeze chupa moja ya maji kwenye mkoba bila kuambiwa na mtu. Nimevishusha daraja vitabu vya aina hii kwa sababu moja tu: vinakupa jangwa la wakati ule. Thesiger mwenyewe aliyachukia magari na mabadiliko yaliyoletwa na mafuta, na msomaji anayemfuata bila tahadhari hushuka kwenye barabara ya lami yenye taa akahisi ametapeliwa. Soma, ufurahi, kisha usome kitu kingine cha miaka ya karibuni.

Riwaya ni za nne, na hapa sitasema mengi, kwa kuwa ladha za watu hazifanani. Hata hivyo, anayekwenda Sahara amtafute Ibrahim al-Koni, Mtuareg wa Libya aliyezaliwa mwaka 1948 na anayeandika kwa Kiarabu. Katika vitabu vyake ngamia, jiwe na mnyama wa milimani ni wahusika kamili, wala si mapambo. Epuka riwaya ambayo jangwa lake lingeweza kubadilishwa kuwa kisiwa bila hadithi kuharibika.

Kitabu cha mwongozo wa watalii, ambacho karibu kila mtu hukinunua kwanza, nakiweka nafasi ya tano. Sikidharau. Hakuna kingine kitakachokupa umbali kati ya vituo vya mafuta, msimu wa dhoruba za mchanga, na onyo kwamba usipige hema ndani ya korongo kavu, kwa kuwa mvua iliyonyesha mbali, mahali usipoona hata wingu, inaweza kuleta mafuriko ya ghafla usiku. Lakini habari zake huzeeka haraka, na hiyo ndiyo sababu ya kukinunua mwisho, wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka, na kununua toleo jipya tu. Tazama ukurasa wa hakimiliki badala ya maandishi ya jalada, ukikumbuka kwamba taarifa zilikusanywa kabla ya mwaka wa kuchapishwa. Nakala iliyotumika ya kitabu cha maumbile ni ununuzi mzuri, lakini nakala iliyotumika ya mwongozo wa watalii ni nafuu ya uongo.

Kuna kitu kimoja kidogo kisichohitaji kushindanishwa na vingine kwa sababu ni chepesi, nacho ni ramani ya nyota ya kuzungusha kwa mkono. Hewa kavu na umbali kutoka mijini huifanya anga ya jangwa iwe safi mno, na si bure kwamba baadhi ya darubini kubwa za dunia zimejengwa Atacama. Kosa la kuepuka ni latitudo. Ramani hizi hutengenezwa kwa ukanda maalumu, na iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuzi 40 kaskazini haitakuonyesha ipasavyo Mawingu ya Magellan, ambayo kusini huonekana kwa macho matupu. Linganisha pia tarehe zako na kalenda ya mwezi kabla ya kununua: wiki ya mwezi mpevu nyota hufifia, na hapo riwaya itakufaa zaidi.

Vitabu vikubwa vya picha naviweka mwisho. Ni vizito, ni ghali, na vinakuonyesha muda mfupi wa alfajiri kana kwamba ndio siku nzima. Viazime maktaba ukitaka kuchagua sehemu za kutembelea.

Lililobaki ni umbo la kitabu. Niliwahi kuacha kitabu kinene cha jalada jepesi juu ya dashibodi ya gari kwa saa chache za mchana. Niliporudi, gundi ya mgongo ilikuwa imelainika, na nilipokifungua, kurasa zilianza kutoka moja moja kama karata. Sura ya nane ilichukuliwa na upepo na sijaisoma hadi leo. Tangu hapo, kitabu ninachokusudia kwenda nacho hukipekua mgongo: nikiona nyuzi za kushonea kati ya mafungu ya karatasi, nakinunua hata kama kimezidi bei kidogo. Vile vya kusoma nyumbani kabla ya safari, gundi inatosha. Kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki hubeba maktaba nzima, na kile chenye wino wa kielektroniki husomeka vizuri juani, ila vingi vimekusudiwa kutumika katika joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi, kiwango ambacho mchana wa jangwani hukipita kwa urahisi. Ukichagua njia hiyo, pakua vitabu vyote kabla ya kuondoka, kiweke kifaa katikati ya nguo ndani ya begi wakati wa mchana, na ukifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha kitu, kwa sababu vumbi laini la jangwani huingia hata kwenye tundu la chaji.